Maporomoko ya Jinja

Osewe alipokuja likizo kutoka Uganda, watu wa kijijini kwao Magunga hawakuja kumwona yeye. Walikuja kuisikia Uganda. Jioni ya kwanza tu ua ulijaa, huyu na kigoda chake, yule na mtoto mgongoni, na Osewe akakaa nje ya nyumba ya mama yake, suruali imepigwa pasi ikapigika, akaanza kuwatembeza. Aliwapeleka Kampala juu ya vilima vyake. Aliwapeleka kwenye ziwa la Kabaka, mfalme wa Waganda, ziwa lililochimbwa na mikono ya watu, na kwenye bustani ya Entebbe ambako miti hukumbatiana juu na tumbili hukunyang'anya mkate mchana kweupe. Mwishoni, watu wakiwa tayari wameshalewa maneno, aliwapeleka Jinja kwenye maporomoko.

Tuseme kweli: mtu huyu alijua kusimulia. Wapo waliokuwa wamefanya kazi Uganda miaka na mikaka wakarudi na baiskeli tu, hawana hata hadithi moja ya kumlipa mtu aliyewapikia.

Mama yake, Jerusha, ndiye aliyekaa karibu naye kuliko wote. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, mwanga anauona lakini sura hazioni, na kwa hiyo Uganda aliiona sawasawa na wenzake. Maporomoko aliyataka yarudiwe. Osewe alikuwa akishusha sauti na kusema maneno yale yale, bila kupunguza wala kuongeza: "Yanaruka, mama. Maji yanafika ukingoni, yanasita, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Halafu yanaruka." Jerusha alicheka kila mara, na kila mara aliuliza kama wewe mwanangu ulilowa, na Osewe akajibu kwamba alilowa hadi soksi.

Rael, mke wa Osewe, alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Alizaliwa Mfangano, kisiwani, mtoto wa wavuvi, na maji hayakuwa kitu kigeni kwake. Lakini aliipenda Uganda ya mumewe kuliko alivyowahi kupenda mahali alipopakanyaga kwa miguu yake. Watoto wawili aliowazaa walikuwa wamelala chini ya udongo, wote kwa homa ya bonde la Lambwe, na usiku alipokosa usingizi alijitembeza Entebbe akahesabu miti. Osewe alikuwa amemwahidi kwamba siku moja watakwenda pamoja. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimshikilia.

Kisha Osewe akanyamaza. Krismasi moja ikapita bila yeye, bila barua. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, redio ya dukani ikasema kuna vita Kampala, jumba la Kabaka linateketea, watu wamekufa. Mvua ikaisha, mtama ukatoa masuke, na bado hakuna neno. Ndipo Otuoma, mdogo wake Osewe, alipomwita Rael mbele ya wazee na kumwambia kwamba wakati wa kuzika umefika.

Kuzika nini, wakati hapakuwa na maiti? Walikuwa Wasabato hasa, hawagusi pombe wala nguruwe, lakini kaburi ni kaburi. Mtu akipotelea ziwani au ugenini asionekane, watu wa huko huchuma yago, lile tunda refu na zito la mwegea, wakalivika shuka, wakalilia usiku kucha, wakalizika upande wa kulia wa mlango wake. Basi huyo amekufa. Baada ya hapo akitokea mtu langoni kwa miguu yake na kusema ni yeye, si mtu huyo. Ni kitu kimekuja kuwachukua walio hai, na hakiingii. Katika ukoo wa akina Osewe paliachwa upenyo mmoja tu: mama aliyemzaa aje langoni aseme kwa kinywa chake, huyu ni wangu.

Tena tunda likishazikwa, mke ni mjane, na mjane huenda kwa shemeji. Otuoma hakuwa mtu mbaya. Aliwatunza ng'ombe wake vizuri, na wake zake aliwatunza karibu sawa na ng'ombe. Rael hakumchukia. Alichokataa ni kumlilia mtu ambaye moyo wake ulimwambia anapumua.

Aliomba apewe nafasi akamtafute. Wazee waliguna. Mwanamke peke yake, Uganda, kwenye vita? Otuoma alifikiri sana, kisha akamwambia, "Nyar Mfangano, binti wa kisiwani, nenda. Lakini mtama ukikatwa hujarudi, nitamzika ndugu yangu. Siwezi kumwacha akizurura nje mvua za vuli zikianza."

Rael akapanda meli Homa Bay hadi Kisumu, na kutoka Kisumu basi likambeba hadi ng'ambo ya mpaka. Hakuuliza kwa wafanyakazi wa reli, wala kwenye kambi, wala kwa Wajaluo waliojaa vibandani pembezoni mwa miji. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lake nani angelifanya ila mke wa Osewe? Alimtafuta mumewe mahali ambapo mumewe alipapenda. Basi likipita Jinja hakushuka, maana katika masimulizi Jinja huja mwisho. Alianza Kampala.

Kampala ilikuwa na askari kila kona, na kilima cha Mengo kilinuka majivu bado. Alipotaka kulikaribia ziwa la Kabaka, askari mmoja alimwonyesha njia ya kurudi kwa mtutu wa bunduki, asiseme neno. Familia moja ya Wasabato ilimpa mkeka wa kulalia. Kila asubuhi alitoka, akasimama kanisani Namirembe, akasimama kwenye makaburi ya wafalme, kila mahali akitaja jina la Osewe kwa watu waliotikisa kichwa. Kisha akaenda Entebbe.

Miti ilikuwepo. Tumbili walikuwepo. Kila kitu alichoambiwa kilikuwa hapo, kikubwa kuliko alivyoambiwa, na Rael akakaa kwenye nyasi akalia kwa furaha, jambo ambalo baadaye hakumwambia mtu. Alihisi Osewe yuko nyuma ya mti unaofuata. Akarudi kesho yake. Akarudi tena siku iliyofuata, na Sabato ikamkuta palepale, na wiki nyingine ikaingia. Kwao Magunga watu walikuwa wakinoa visu vya kukatia mtama, na yeye ameketi bustanini akitazama majani.

Mwenyeji wake kule Kampala ndiye aliyemzindua, akamuuliza taratibu kama mumewe alikuwa mtunza bustani. Rael akaona haya. Alifunga furushi lake siku ileile akapanda basi la Jinja.

Alipofika mtoni alikuta daraja, na ukuta mrefu wa saruji, na juu ya ukuta maji mapana yaliyolala. Mtu wa makamo alikuwa akivua kwa ndoana kando ya maji. Rael alimwamkia kwa Kiswahili chake cha sokoni akamuuliza maporomoko yako upande gani. Mtu huyo, Maroa kwa jina, Mkuria wa Ntimaru, alifurahi kwanza kusikia lafudhi ya kwao, halafu akamtazama kwa huruma.

"Maporomoko gani, mama? Hiyo ilikufa. Walifunga bwawa, maji ikapanda, mawe yote ikazama. Mimi nilisimama hapa nikaona."

"Lini?"

"Zamani, kabla ya uhuru. Kijana wangu wa kwanza alikuwa ananyonya, na sasa mwaka huu anaingia jandoni."

Rael alihesabu. Ndoa yake ilikuwa changa kuliko huyo kijana, na Osewe alivuka mpaka baada ya ndoa. Alilowa hadi soksi na maji gani? Alisimama pale akiyatazama yale maji bapa, na hasira ikampanda pole pole, hasira juu ya mumewe, juu ya zile jioni zote, juu ya nyasi za Entebbe. Maroa alimvutia gogo la kukalia akamuuliza mumewe anafananaje. Alipomaliza kueleza, Maroa alisema yeye mwenyewe aliwahi kukata miwa kwenye shamba lililo mwendo wa asubuhi moja kutoka hapo, na kwamba Wajaluo walioko Jinja, wengi wako huko. Aende akaulize kwa mlinzi wa bohari, mtu wa mkono mmoja. Huyo anajua kila jina.

Mlinzi wa bohari alikuwa Osewe.

Alikuwa amekonda, ndevu zimemvamia, na sauti aliyoijua Rael ilikuwa imekwisha kifuani, imebaki mkwaruzo na kikohozi. Mkono wa kulia uliishia juu ya kiwiko. Kinu cha miwa kilikuwa kimeuchukua mwaka mmoja na nusu nyuma. Alipomwona mkewe, kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuka ubavu ili mkono uliobaki uwe mbele.

"Nani amekuleta?"

"Maporomoko," Rael alisema.

Osewe akaketi chini palepale. Yalimtoka yote, kwa mkwaruzo ule. Hajawahi kuiona Entebbe. Kampala hajawahi kufika. Miaka yote alikuwa amekata miwa kuanzia kengele hadi kengele, na siku za mapumziko alilala kwa uchovu. Dukani kwa Mhindi palining'inia almanaka kuukuu, kila mwezi na picha yake, na mwenye duka hakuibadilisha kwa kuwa wateja waliipenda. Hapo ndipo alipoipatia Uganda yake. Alikuwa akienda kununua chumvi akasimama mbele ya picha hadi afukuzwe.

"Ningekuja nyumbani niwaambie nini?" akamuuliza. "Kwamba nimekata miwa?"

Rael alimtukana. Alimtukana kwa Kidholuo na kwa lugha ya visiwani, akamtukana hadi walinzi wengine wakasogea mbali kwa adabu. Kisha akaushika ule mkono uliokatika akalia. Alimweleza kuhusu yago na mtama, na kwamba wanaondoka sasa hivi. Osewe alisita, mzaliwa wa kwanza, asiye na mkono wa kupandia mbegu, mtu asiye na mbele wala nyuma, anarudi kufanya nini? Rael akamkatiza. Angemrudisha hata kwa kumbeba, lakini kwa sharti moja.

"Tangu leo uongo usitoke tena kinywani mwako. Si kwangu, si kwa mama. Niapie."

Osewe akaapa.

Siku walizosafiri zilikuwa siku zao nzuri kuliko zote, na hilo nalo ni chungu kulisema. Kwenye meli kutoka Kisumu, wakiwa wamejikunyata kati ya magunia, Osewe alimwomba amsimulie. Rael akamsimulia Entebbe: jinsi mizizi inavyotoka ardhini, jinsi tumbili mzee mmoja alivyomtazama kwa dharau kwa kuwa hana mkate. Osewe alisikiliza macho yamemtoka. Aliuliza kama miti inakumbatiana kweli juu, na alipoambiwa ndiyo, akashusha pumzi kama mtu aliyesamehewa deni. Rael alimtazama akasahau kukasirika.

Walishuka Homa Bay asubuhi, wakapata lori la kuwafikisha karibu na Magunga, wakamalizia kwa miguu. Mashamba yalikuwa mabua matupu. Rael aliona akaongeza mwendo, akijiambia labda Otuoma amechelewa kidogo, Otuoma ni mtu wa kuahirisha mambo. Mwanamke mmoja waliyekutana naye njiani alimshika Rael mkono kwa mikono yote miwili akasema pole, mama, pole sana, Mungu atakutia nguvu. Osewe, aliyesimama kando ya mkewe, mwanamke yule hakumtupia jicho. Akapita zake.

Rael alijua hapo. Lakini miguu iliendelea.

Kutoka langoni, juu ya ua wa minyaa, waliiona nyumba yao, na upande wa kulia wa mlango tuta jipya la udongo mwekundu. Majivu ya moto wa matanga hayakuwa yamezolewa bado. Osewe alilitazama tuta lile kwa muda, akalitazama kwa utulivu wa ajabu.

Otuoma alitoka akasimama upande wa ndani wa lango. Alikuwa amenyoa kichwa. Alimtazama kaka yake kuanzia miguuni, na machozi yakamlengalenga, na mikono yake ikashika nguzo za lango ikazibana.

"Sura inafanana," alisema. "Lakini ndugu yangu nimemzika kwa mikono hii. Mimi siwezi kukufungulia. Mama ndiye anaweza."

Jerusha akaletwa, fimbo mkononi, amevaa nguo za msiba. Watu walikuwa wamekusanyika nyuma yake kwa mbali, wameshika watoto wao. Osewe alimwita mama, lakini alichosikia yule bibi ni mkwaruzo wa mtu mgonjwa. Kichwa chake kiliinama upande mmoja, akisikiliza, na uso haukufunguka.

Akasema mwanawe alichomwa na uji akiwa mdogo, kovu liko nyuma ya kiganja cha kulia. Akapitisha mkono wake kati ya nguzo. "Nipe nilishike."

Osewe hakuwa na cha kumpa. Alimpa wa kushoto. Jerusha aliupapasa, akauachia, akarudi nyuma hatua moja. Rael alipaza sauti akaeleza habari za kinu, akasema ni yeye, mama, mimi ni mkewe nakuambia ni yeye. Jerusha alimjibu bila ukali kwamba mtu aliyetafuta kwa uchungu hivyo angemwokota yeyote.

Watu walinong'ona. Otuoma, na hilo ahesabiwe, alimsihi mama yake amuulize jambo jingine, jambo ambalo Osewe peke yake angelijua. Sauti ya Jerusha ilipotoka ilikuwa ya kuomba zaidi kuliko ya kuuliza.

"Kama ni wewe, niambie maporomoko ya Jinja."

Osewe alimgeukia Rael. Alimtazama tu. Rael angeitikia kwa kichwa kidogo, angefumba jicho, angesema sema, na maneno yale yangetoka, kwa mkwaruzo au bila mkwaruzo, na lango lingefunguka. Rael alijua hivyo kesho yake, na mwezi uliofuata, na kila siku aliyoishi baadaye. Lakini wakati ule alikuwa ameganda. Alikuwa akiliwaza kovu, akiwaza amtetee vipi, na alipoelewa mumewe anamwomba ruhusa gani, mumewe alikuwa ameshageuka.

"Hakuna maporomoko, mama," Osewe alisema. "Yalizama zamani. Sikuwahi kuyaona."

Jerusha alivuta pumzi ndefu.

"Basi si yeye," akasema. "Mwanangu aliyaona. Alilowa hadi soksi."

Rael alipiga ukelele, akajitupa langoni, akasema ndiyo yaliruka, mama, muulize tena, yalisita yakaruka, atakuambia. Hakuna aliyemsikiliza. Wanawake walimshika mabega wakamwingiza ndani ya ua, wakimbembeleza, kwa kuwa mjane wa tunda hana ruhusa ya kukaa nje ya lango siku hizo. Alipigana nao. Osewe ndiye aliyemwambia aache. Alisema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba bibi amesema kweli, kwamba yeye ni mtu wa kupita tu, amesindikizana njiani na mama huyu, na anaomba maji.

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu aape, na aliusema kwa ajili ya Rael.

Jerusha mwenyewe aliagiza aletewe maji, maana mpita njia hanyimwi maji. Kibuyu kilipitishwa juu ya minyaa. Osewe alikunywa akamaliza, akasema asante, mama, kama mtu yeyote anavyomwita mama bibi wa umri ule, akaondoka kwa njia ya Homa Bay. Kikohozi chake kilisikika hadi kwenye mteremko. Jerusha alisimama akisikiliza kikohozi hicho hadi kilipopotea, kisha akaomba ashikwe mkono arudishwe kivulini.

Jioni hiyo Rael alinyolewa. Mvua za vuli zikaja. Baada ya mwaka, mvuvi mmoja wa Mfangano aliyekuwa akipeleka samaki wakavu Jinja alileta habari kwamba mlinzi wa mkono mmoja wa shamba la miwa alikufa kwa kifua, akazikwa nyuma ya bohari. Otuoma aliposikia alitoka nje akakaa peke yake na ng'ombe. Hapakuwa na cha kufanya. Kaburi la Osewe lilikuwepo tayari, limeshaota nyasi.

Rael hakwenda kwa Otuoma, na Otuoma hakumlazimisha. Rael alihamia kwa Jerusha akawa macho yake. Bibi alizeeka akawa mwepesi, chakula hataki, hadithi anataka. Jioni aliketi nje palepale alipokuwa akiketi na mwanawe, na kwa kuwa Rael alifika Uganda kwa miguu yake, alimwomba amtembeze. Rael alimpeleka Namirembe, alimpeleka Entebbe, na yote aliyomwambia huko yalikuwa kweli tupu.

"Na maporomoko?" Jerusha akauliza. "Uliyaona?"

Watu hawakuja tena kusikiliza. Walikuwa wawili tu, na tuta lile upande wa kulia wa mlango wa nyumba iliyofungwa. Rael alitazama huko kidogo.

"Niliyaona, mama," alisema. "Maji yanafika ukingoni, yanasita, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani."

Jerusha akaanza kucheka.

"Halafu?"

"Halafu yanaruka."